Mbao za dawa: 2x4 ya jina na 2x4 ya kwenye futi, na kwa nini randa itangulie dawa

Fundi Paini (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Kila wiki humu kuna mdau analeta hesabu ya mbao za kenchi au za dari, na wote tunampigia hesabu kwa 2x4 na 2x2 za inchi kana kwamba namba hizo ndizo zilizoko kwenye mbao. Nataka leo tulizungumze hili kwa kirefu, maana mbao za dawa, yaani zilizotibiwa zisiliwe na mchwa wala kuoza, zimejaa sokoni na watu wanaumia sehemu mbili: kwenye kipimo na kwenye dawa yenyewe. Mimi nashikilia kwamba hayo mawili hayatenganishiki. Dawa inakaa zaidi kwenye ngozi ya mbao, na anayeipunguza mbao kipimo baada ya dawa anaichuna ngozi hiyo hiyo aliyoilipia.

Tuanze na kipimo. Mbao nyingi za paini zinazoshushwa Buguruni na kwenye maduka ya mbao mikoani zinatoka Mufindi, Njombe na Makambako. Sehemu kubwa imepasuliwa kwa zile mashine ndogo za msumeno wa duara tunazoziita ding-dong. Gogo linasukumwa kwa mikono, msumeno ni mnene na unayumba, kwa hiyo mbao moja inaweza kuwa na milimita 52 upande huu na 43 upande ule. Ukipima ncha moja tu hujapima kitu. Weka futi ya kupimia sehemu tatu: huku, katikati na kule. Pima unene na upana vyote viwili, na uandike ile namba ndogo kuliko zote, kwa sababu nguvu ya mbao inaishia pale ilipo nyembamba.

Wengi wanaona milimita tano si kitu. Hebu tupige hesabu. 2x4 ya jina ni kama milimita 50 kwa 100. Uliyopewa ina 45 kwa 90. Ujazo wa mti uliobaki ni asilimia 81 ya ule uliolipia. Lakini mbao inayobeba mzigo ikiwa imesimamishwa kwa ubavu wake mwembamba haihesabiwi kwa ujazo. Nguvu yake ya kutovunjika inafuata unene mara kimo (ule upana uliosimama) mara kimo, na ugumu wake wa kutopinda unafuata unene mara kimo mara kimo mara kimo. Hapo 45 kwa 90 inabaki na nguvu asilimia 73 na ugumu asilimia 66 hivi. Yaani theluthi ya ugumu imeondoka kwa upungufu ambao jicho halijauona. Ndiyo maana unakuta paa limebonyea katikati ya nguzo na fundi anaapa kwamba aliweka 2x4 kila mahali.

Jambo la pili ni maji. Mbao mbichi ya paini ikikauka inasinyaa, na inasinyaa kwa upana na unene, urefu haubadiliki kwa kiasi cha kukusumbua. Ubao wa inchi 6 uliopasuliwa kwa ubapa, ukitoka ubichi hadi ukavu wa kawaida wa ndani ya nyumba, unaweza kupoteza milimita 5 au 6 za upana. Anayepasua mbao mbichi kwa inchi kamili, bila kuacha ziada ya kusinyaa, anajua kwamba baada ya miezi kadhaa inchi hiyo haipo.

Sasa dawa. Mbao iliyotibiwa kweli kweli inaingizwa kwenye tangi la chuma lenye umbo la silinda, mlango unafungwa, hewa inavutwa itoke ndani ya mti, dawa inamwagwa tangi lijae, kisha inasukumwa kwa presha hadi mti ugome kunywa. Mwisho hewa inavutwa tena ili dawa ya ziada ichuruzike. Mfumo huu ulisajiliwa Uingereza na John Bethell mwaka 1838, enzi za kreosoti, dawa nyeusi ya mafuta ya lami, kwa ajili ya mbao za reli. Dawa ya kijani tunayoizoea sisi, ile CCA, ni mchanganyiko wa shaba, kromiamu na aseniki, na ilibuniwa India na Sonti Kamesan miaka ya 1930. Shaba inazuia kuvu, aseniki inazuia mchwa na bungua, kromiamu inazishikamanisha na mti zisioshwe na mvua.

Angalieni hapo: mti lazima uwe umekauka kabla ya kuingia kwenye tangi. Mti uliojaa maji hauna pa kuweka dawa. Ukishakunywa dawa unavimba tena, kwa sababu dawa hiyo imeyeyushwa kwenye maji, na mita moja ya ujazo ya paini inaweza kunywa lita mia kadhaa. Kwa hiyo mbao ya dawa iliyotoka tangini juzi ni nzito na ni nene kuliko itakavyokuwa mwezi ujao. Ukiipima siku hiyo ukaikatia fremu kwa kubana, fremu itaachia.

Nawasilisha. Wenye uzoefu wa Kenya na ughaibuni waje, na maswali yaje.

---

Kigamboni Kwetu

Mkuu asante kwa uzi. Swali langu la kwanza: nitajuaje hii ya kijani imepigwa presha au imepakwa rangi tu? Hapa mtaani kuna mtu ana pipa la maji ya kijani, anachovya mbao na kuziuza kama treated.

Fundi Paini

Mkuu, omba muuzaji akate mbao moja katikati, si pembeni. Ncha za mbao zinanyonya dawa kwa urefu wa nyuzi, kwa hiyo hata iliyochovywa itaonekana kijani mbichi ukikata karibu na ncha. Kata angalau futi mbili au tatu kutoka mwisho kisha tazama uso wa mkato. Paini iliyopigwa presha sawasawa, sehemu yote nyeupe ya nje imeingia kijani, na kinachobaki bila rangi ni kiini tu, kwa sababu kiini hakinywi. Iliyochovywa utaona kiuzi cha kijani cha milimita moja au mbili kuzunguka pembe, ndani kweupe.

Kwenye viwanda wana maji ya kupimia yanaitwa chrome azurol S. Wakiyapaka kwenye mkato, penye shaba panageuka bluu iliyokolea. Hayadanganyiki na rangi ya chakula wala ya nguo. Ukinunua mzigo mkubwa una haki ya kuomba kipimo hicho kifanyike mbele yako.

Muuzaji akikataa kukata hata mbao moja wakati unanunua mia mbili, ondoka.

---

Mtanzania Ughaibuni

Salaam ndugu zangu. Nafanya kazi za sitaha (sakafu za mbao za nje ya nyumba) na uzio huku Marekani, naomba niongeze la huku, maana mafundi wengi huko nyumbani sasa wanafuata michoro ya mtandaoni ya Wamarekani na vipimo vinawakataa.

Huku 2x4 dukani ni inchi 1½ kwa 3½, yaani milimita 38 kwa 89. Hakuna anayeibiwa, ni kiwango cha taifa, PS 20, ambacho vipimo hivyo vimo tangu toleo la 1970. 2x6 ni 1½ kwa 5½. Ila kuanzia 2x8 wanapunguza zaidi: 2x8 ni 7¼, 2x10 ni 9¼, 2x12 ni 11¼. 1x6 ina unene wa ¾. Nguzo ya 4x4 ni 3½ kwa 3½. Ule ubao wa sitaha wanaouita tano kwa nne, unene wake ni inchi 1 kamili. Namba ya jina ni ya mti mbichi kabla ya kukauka na kupigwa randa. Ukipiga hesabu, zaidi ya theluthi ya ile 2x4 ya jina haipo.

Kwa hiyo mchoro wa Marekani ukikwambia kata mguu mmoja uwe pungufu inchi 3 kwa sababu una mbao mbili za 2x4 pembeni, wamepiga 1½ mara mbili. Ukichukua 2x4 ya Mafinga yenye unene wa karibu inchi 2 meza yako itakuwa na makosa ya inchi nzima. Usinakili urefu wa vipande. Nakili umbo, kisha piga hesabu upya kwa unene wa mbao uliyonayo mkononi.

La pili, za dawa huku zinauzwa bado zina unyevu, na kwenye ghala moja utakuta moja ina 3⅝ na nyingine 3½, kutegemea ipi imekaa siku nyingi. Tukitandika sitaha kwa mbao mbichi za dawa tunazigusanisha, hatuachi nafasi, kwa sababu zikikauka nafasi inafunguka yenyewe. Anayeacha nafasi ya msumari kati ya mbao mbichi, baada ya kiangazi anapata nafasi ya kupitisha kisigino cha kiatu.

Fundi Paini

Mkuu umesema jambo ambalo limewasumbua vijana wengi wa Keko wanaotengeneza samani za bustani kwa kufuata video. Swali: huku sisi bado ni CCA, ninyi mnatumia ipi?

Mtanzania Ughaibuni

CCA iliondolewa kwenye matumizi ya nyumbani mwisho wa mwaka 2003, kwa sababu ya aseniki. Imebaki kwenye nguzo za umeme, kazi za baharini na mashambani. Kwenye nyumba sasa ni dawa za shaba nyingi, ACQ na copper azole. Tatizo lake zinakula chuma. Msumari wa kawaida ndani ya mbao ya ACQ unaoza haraka, kwa hiyo lazima misumari iliyochovywa kwenye zinki ya moto au chuma kisichoshika kutu. Na kila mbao ina kibandiko kwenye ncha kinachosema ni ya juu ya ardhi au ya kugusa udongo. Mtu asiyesoma kibandiko anachimbia ardhini mbao ambayo haikupewa dawa ya kiwango hicho.

Fundi Paini

Kwa msomaji wa huku: Afrika Kusini wanapanga kwa herufi H. H2 ni ya ndani penye ukavu, H3 ni ya nje isiyogusa ardhi, H4 ni ya kuchimbia, H5 ya udongo uliolowa na maji baridi, H6 ya baharini. Ukikutana na alama hizo kwenye mzigo, hiyo ndiyo maana yake. Na kwa mikoa ya pwani, hata kama dawa ni CCA, chumvi ya hewani peke yake inatosha kumaliza msumari mweusi. Tumieni wa zinki.

---

Mjenzi wa Nakuru

Hamjambo wandugu. Huku kwetu Kenya saipras ndiyo mbao ya wengi, na tunanunua kwa futi. Tangu marufuku ya Februari 2018 ya kukata miti kwenye misitu ya serikali, paini ya Tanzania ilijaa sana kwa maduka yetu, na hata baada ya marufuku kuondolewa 2023 bado iko. Kitu nimeona ni kwamba fundi akipatiwa mbao ya dawa ambayo haiko sawa, yeye huipitisha kwa mashine ya randa ndio zote zifanane, halafu anaweka. Nimekuwa nikiuliza kama hiyo ni sawa na kila mtu ananijibu vyake.

Fundi Paini

Ndugu yangu, hapo ndipo kiini cha uzi huu kilipo na nashukuru umeuliza. Si sawa.

Dawa imekolea zaidi kwenye milimita za kwanza za nje, na inapungua kadiri unavyoingia ndani. Randa ikichukua milimita tatu kila upande imeondoa sehemu iliyokolea kuliko zote. Kwenye paini yenye weupe mwingi angalau chini yake bado kuna dawa. Kwenye saipras hali ni mbaya zaidi, kwa sababu kiini chake hakinywi dawa kirahisi kama weupe wa paini, ngozi ya dawa inakuwa nyembamba na randa inaweza kuimaliza yote. Umelipia treated, umeweka isiyo treated, na rangi ya kijani imebaki kwenye mashimo ya vifundo tu.

Mpangilio unaostahili ni huu: pasua, anika, pangilia kipimo kwa randa, toboa matundu, kata viungo, ndipo mbao iende kwenye tangi. Kiwanda chenye msimamo kinapokea mbao zako zikiwa zimeshakatwa na kutobolewa. Watu wanaona ni usumbufu, lakini bei ya kupiga dawa inahesabiwa kwa ujazo, kwa hiyo ukipiga randa kwanza unalipia mti mdogo zaidi.

Kama imeshapigwa dawa na unalazimika kukata, basi kila mkato, kila tundu la bolti, kila uso wa kiungo upakwe dawa ya brashi ya shaba, mikono miwili au mitatu, ikolee. Brashi haifikii kazi ya presha lakini inafunga mlango. Mchwa hahitaji nafasi kubwa. Akipata ncha moja nyeupe iliyolalia ukuta wa tofali, anapanda na udongo wake ndani ya kiini na utamsikia siku dari linaposhuka.

---

Shangazi wa Ujenzi

Mwanangu Fundi Paini, shikamoo yangu ni kwa kazi yako. Nimejenga Chanika, jipsamu imewekwa mwezi wa tatu, sasa dari lina mawimbi ukiwasha taa jioni. Fundi anasema jipsamu ni feki. Mbao alizoweka ni 2x2 za dawa.

Fundi Paini

Shangazi, marahaba haistahili kutoka kwangu kwenda kwako, shikamoo. Pole sana.

Jipsamu ni bapa, inafuata ilichofungwa juu yake. Bodi ya milimita 1200 kwa 2400 inashikwa na mistari kadhaa ya 2x2. Mstari mmoja ukiwa na milimita 50 na wa pili 42, bodi inapanda na kushuka milimita 8, na taa ya ukutani inayopiga kwa mshazari inaonyesha kila kitu. Juu ya hapo kama 2x2 zilifungwa zikiwa bado na maji ya dawa, zimesinyaa na kupinda baada ya bodi kupigwa, na skrubu zimevutwa.

Mwambie fundi atoe bodi moja pale penye wimbi kubwa, avute uzi chini ya mbao kutoka ukuta hadi ukuta, apime kila mbao imeachana na uzi kiasi gani. Kama zinatofautiana, tatizo ni mbao. Tiba yake ni kuweka vibao vyembamba juu, kati ya 2x2 na mbao inayoishikilia, hadi uso wa chini wote uguse uzi. Asichonge uso wa chini kwa tezo, atakuwa anarudi kwenye lile la kuondoa dawa. Na kabla ya kurudisha bodi, dari likae wazi mbao zikauke.

Kwenye kenchi tofauti ya milimita 5 inafichika. Kwenye dari haifichiki kamwe. Kwa hiyo ukichagua mbao dukani, zile zilizo sawa kuliko zote ziweke za dari hata kama ndizo ndogo.

Shangazi wa Ujenzi

Nimekuelewa baba. Kesho namwita na uzi.

---

Mdau wa Mafinga

Mimi niko huku zinakotoka. Nitetee kidogo wapasuaji: mteja wa Dar anapiga simu leo anataka gari kesho kutwa. Mbao ya mpangilio inataka kuanikwa chini ya kivuli, imetenganishwa kwa vijiti vya unene mmoja, vijiti vikae mstari mmoja kutoka chini hadi juu, uzito uwekwe juu isipinde. Hilo linachukua wiki nyingi, na huku kwetu wakati wa ukungu wa Mufindi ndiyo kabisa. Anayelipa bei ya mbao mbichi ya kukimbizwa hawezi kupata mbao kavu.

Pia kuna dawa za boroni ambazo zinaingia kwenye mbao mbichi. Kwa nini hujazitaja?

Fundi Paini

Mkuu una haki, na hoja ya bei ni ya kweli kabisa.

Boroni inafanya kazi tofauti. Inasambaa yenyewe ndani ya maji yaliyomo kwenye mti, kwa hiyo mbao mbichi iliyochovywa kwenye boroni iliyokolea na kufunikwa kwa turubai wiki kadhaa inaingia ndani vizuri, hata kwenye kiini. Haina aseniki, na kwa kenchi zilizo chini ya bati, mahali pasipofika mvua, ni chaguo zuri sana. Lakini haishikamani na mti. Mbao ya boroni ikinyeshewa au ikichimbiwa, maji yanaiondoa boroni kama yalivyoiingiza. Ya uzio, ya baraza lisilo na paa, ya banda la ng'ombe, hapana.

---

Mama Kuku

Naomba kuuliza tofauti. Nanunua maranda kwa fundi seremala kwa ajili ya banda la vifaranga. Siku hizi yana rangi ya kijani kijani. Yana shida?

Fundi Paini

Dada, yatoe leo. Usingoje kesho. Maranda ya mbao ya CCA yana aseniki na kromiamu, na kuku anadonoa sakafu siku nzima. Yasiwe matandiko ya kuku wala ya ng'ombe, yasiwe mboji ya bustani ya mchicha, na yasiingie kwenye jiko la maranda. Mbao ya CCA haichomwi hata kipande: moshi wake una sumu, na majivu yake yana aseniki nyingi mno ambayo mtoto au mbuzi akiramba ni hatari kubwa. Kuna watu wanachukua vipande vya kenchi baada ya ujenzi wakapikie maharage. Waambieni majirani.

Kwa mafundi wenzangu: barakoa wakati wa msumeno na randa, glavu mbao ikiwa bado mbichi, kunawa kabla ya kula, na nguo za kazi zisifuliwe na za watoto. Vumbi la seremala wa treated lisilale karakana moja na vumbi analouza.

Kama seremala wako anapasua mbao za aina zote mbili kwenye mashine moja, tafuta maranda kwingine.

---

Kigamboni Kwetu

La mwisho kwangu mkuu. Nataka kusimamisha kibanda cha mapumziko nyuma ya nyumba, nguzo nne za kuchimbia. Nimepata miti ya mikaratusi iliyopigwa dawa, ya duara, kipenyo inchi 6. Fundi anataka kuichonga iwe mraba wa inchi 4 ipendeze. Na ni mirefu, itakatwa futi moja na nusu.

Fundi Paini

Asichonge. Kwenye mkaratusi dawa inashika ule weupe wa nje tu, kiini chake hakinywi kabisa. Ukiuchonga mraba kutoka kwenye mduara umeondoa weupe kwenye nyuso zote nne, na unachochimbia ni kiini kisicho na dawa. Mti wa duara ubaki wa duara. Kama unataka mraba tafuta paini yenye weupe mwingi, uipige randa mpaka kipimo unachotaka, halafu ndiyo uipeleke ikapigwe dawa ya kiwango cha kuchimbia.

Kwa hiyo miti uliyonayo: ncha ya kiwandani iende chini, mkato wako uwe juu. Juu kata kwa mshazari maji yateleze, paka dawa ya brashi, kisha funika na kipande cha bati. Shimo lake weka kokoto chini inchi 4 hadi 6 ili maji yapite, simamisha nguzo juu ya kokoto, zege imwagwe pembeni tu na uso wake uinuke kidogo kuizunguka nguzo ili maji yakimbie nje. Usimwage zege chini ya nguzo, itakuwa bakuli la kutunza maji. Boriti ya juu ifungwe kwa bolti za zinki, na matundu ya bolti yamwagiwe dawa kabla bolti haijaingia.